Tone la Damu na Deni Lake

(Hotuba iliyotolewa na mhitimu mmoja, fundi wa maabara, mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi katika siku ya kukutana, Dakawa)



Nilipopata barua ya Katibu ikinitaka niwaeleze vijana habari za kazi ya mtafiti wa kinga ya mwili, nilidhani barua imekosea njia. Mimi si profesa. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kukaa mbele ya hadubini na kuhesabu vijidudu vya malaria katika damu za watu. Lakini nilipofikiri zaidi niliona kwamba hata mpishi ana haki ya kusimulia harusi, maana yeye ndiye aliyekuwa jikoni. Kwa hiyo leo nitawaeleza habari za watafiti hawa kama zinavyoonekana kutoka jikoni.

Ndugu zangu, nianzie hapa hapa tulipo. Wote mnajua kwamba mwaka 1982 Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, ardhi hapa Dakawa, kwa kuwa Mazimbu, walikokuwa wamekwisha anzisha Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu mwaka 1978, palikuwa hapawatoshi tena. Walikaa hapa hadi mwaka 1992, walipoyakabidhi majengo yao kwa taifa letu na kurudi kwao. Wengi wao walikuwa vijana wa mijini, kutoka Soweto na Cape Town na kwingineko ambako malaria haijulikani. Walipofika katika bonde hili la mto Wami, malaria ndiyo iliyowapokea.

Hebu fikirini jambo hilo. Kijana mwenye nguvu, aliyekimbia risasi za makaburu, yuko kitandani anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Na mzee wa kijiji cha jirani, mwembamba, asiyekula vizuri kama yule kijana, yuko shambani na jembe lake tangu alfajiri. Mbu waliowauma usiku ni wale wale. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa malaria methali hiyo imegeuzwa: mgeni njoo uugue, mwenyeji yu mzima.

Je, mzee yule alikuwa na nini katika damu yake ambacho kijana yule hakuwa nacho? Swali hilo, ndugu zangu, lina watu waliolitumikia maisha yao yote.

Msiseme upesi kwamba ni asili ya wenyeji. La hasha. Ingekuwa ni asili tu, basi mjukuu wa mzee yule naye angekuwa salama, nasi tunajua kwamba sivyo. Watoto wadogo wa vijiji vyetu ndio ambao malaria imewaua kwa wingi kuliko wote. Tena mwulizeni mhitimu yeyote aliyekaa Ulaya miaka mingi kisha akarudi nyumbani kwa likizo. Alikulia hapa hapa akiumwa na mbu na kucheza mpira, lakini safari hii anaanguka kitandani kama mgeni. Basi kinga ya malaria si urithi tu. Ni elimu ambayo mwili huipata kidogo kidogo, na mwanafunzi akiacha kusoma, husahau.

Methali nyingine inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hiyo ndiyo habari ya kinga kwa maneno machache. Mtoto anapozaliwa huja na kinga aliyopewa na mama yake kupitia kondo la nyuma. Kinga hiyo humlinda miezi michache ya mwanzo, kisha huisha. Baada ya hapo ulimwengu ndio humfunza, na ulimwengu hufunza kwa fimbo. Kila homa anayoipona humwachia somo. Wale wanaofika umri wa kwenda shule wakiwa hai huwa wamekwisha soma mengi. Hatari ni kwamba wengi hufa wakiwa bado darasani.

Nchini kwetu neno kinga lilijulikana kwa kila mtu kwa sababu ya msiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera, na taifa zima likajifunza kwamba maana yake ni upungufu wa kinga mwilini. Tulilijua jina la ulinzi baada ya mlinzi kuuawa. Lakini mlinzi huyu ni nani hasa?

Katika damu mna chembe nyekundu zinazobeba hewa, na chembe nyeupe ambazo ni askari. Baadhi ya askari hao hutengeneza kitu kiitwacho kingamwili. Kingamwili ni protini ndogo sana, yenye umbo la kunasa kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Yenyewe mara nyingi haiui. Hufanya kama mwananchi anayemwona mwizi sokoni akampaka rangi mgongoni na kupiga yowe. Hapo ndipo chembe nyeupe nyingine, ambazo mnaweza kuziita sungusungu wa mwili, hufika na kumla yule aliyetiwa alama.

Kwa magonjwa mengine kazi hii ni rahisi. Aliyeugua ndui akapona hakuugua tena, maana kirusi cha ndui hakibadilishi sura. Ndiyo sababu chanjo iliweza kuifuta ndui duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akajitolea kuzunguka akiwahimiza wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao dhidi ya polio. Akiwa katika kazi hiyo, mwaka 2013, alifariki dunia. Kilichomwua ni malaria.

Naomba vijana mkae na habari hiyo. Mtu yule yule aliyeponyoka katika mkono wa mwisho wa ndui aliuawa na kijidudu ambacho wataalamu wamekipiga vita kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa nini kimoja kilishindika na kingine bado?

Kwa sababu malaria haiji na sura moja. Mbu anapouma humwaga vimelea ambavyo katika muda mfupi hukimbilia katika ini na kujificha huko karibu wiki nzima. Hutoka humo vikiwa maelfu, na vya umbo jingine. Kila kimoja huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa muda usiotimia dakika moja. Humo huzaana, na baada ya saa 48 chembe hupasuka, vikatoka vipya kutafuta chembe nyingine. Homa na kutetemeka mnakokujua ni sauti ya kupasuka huko. Kimelea hiki kina jeni zaidi ya 5,000, na kuna vazi ambalo hulivisha ile chembe ya damu kilimojificha, vazi ambalo hulibadilisha kila mara mwili unapoanza kulitambua. Askari anatafuta mwizi wa kanzu nyeupe, mwizi amekwisha vaa shati jekundu.

Hata hivyo yule mzee wa Dakawa yuko shambani. Basi njia ipo, na mwili wake unaijua.

Mwaka 1961 watafiti watatu, Sydney Cohen, Ian McGregor na Carrington, walitoa ushahidi mkubwa wa kwanza. Huyo Cohen alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini, nchi ya wale vijana wetu. Walichukua damu ya watu wazima wa Gambia, wakatenga kingamwili zake, wakawadunga watoto wa Gambia waliokuwa wagonjwa wa malaria. Katika siku chache vijidudu katika damu ya watoto vilipungua mno. Walipojaribu kwa kingamwili za watu wa Uingereza hapakuwa na badiliko. Mwaka 1963 walionyesha kwamba kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia hata wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Angalieni maana yake. Dawa ilikuwa ndani ya damu ya wakulima wa Afrika, wala hawakujua kwamba wanayo. Lakini damu ya mzee mmoja haiwezi kuwatosha watoto wa bara zima. Ilibidi kujua: katika protini zote za kimelea, kingamwili za mzee zinazinasa zipi? Ukizijua hizo, unaweza kuzitengeneza na kuzitia katika chanjo, mtoto akafunzwa bila fimbo.

Mkoa wetu wa Morogoro una sehemu katika habari hii, na ni aibu kwamba wanafunzi wengi hapa hawaijui. Kule Ifakara, katika bonde la Kilombero, Mswisi Rudolf Geigy alifika mwaka 1949 kutafiti magonjwa ya nchi za joto. Maabara ndogo iliyotokana na safari zake ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, inayoendeshwa na Watanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa nchi ya Colombia, ilijaribiwa katika kijiji cha Idete, si mbali na Ifakara. Katika mahali hapo mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye malaria yapata mara 300 kwa mwaka. Watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano waliingizwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1994: chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31.

Kulikuwa na shangwe. Lakini watafiti hawakulala juu ya shangwe. Chanjo ilijaribiwa tena Gambia, ikajaribiwa Thailand, kisha ikajaribiwa kwa watoto wachanga pale pale Idete. Haikuwakinga. Ikaachwa.

Vijana, mwalimu wenu akiwauliza kama kazi ya Idete ilikuwa bure, mjibuni nini? Mimi najibu kwamba haikuwa bure hata kidogo. Wataalamu wa Ifakara walijifunza namna ya kufanya jaribio la namna hiyo kwa haki na kwa hesabu safi. Elimu hiyo wakaenda nayo Bagamoyo. Chanjo nyingine, RTS,S, ilipojaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika kuanzia mwaka 2009, Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio hilo. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha itumike kwa watoto, na mwaka 2023 likaidhinisha ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na kwingineko. Hizo ndizo chanjo za kwanza kabisa za malaria. Zinapunguza ugonjwa na vifo, lakini hazimkingi kila mtoto, na nguvu yake hupungua kadiri miezi inavyopita. Somo la yule mzee bado hatujalisoma lote.

Sasa nifike kwa mtafiti ambaye kazi yake ningependa hasa vijana wa hapa waijue. Anaitwa Faith Osier, Mkenya. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akafanya kazi hospitalini Mombasa, kisha akaenda Kilifi, mji mdogo wa pwani baina ya Mombasa na Malindi, ambako kuna kituo cha utafiti tangu mwaka 1989. Alikuwa daktari wa watoto. Malaria aliijua kwa sura za watoto waliolazwa na mama zao waliokaa kitandani pembeni, kabla hajaijua kwa hadubini.

Lililomvuta katika utafiti ni swali letu la Dakawa. Watoto wawili wa kijiji kimoja wanaumwa na mbu mamoja. Mmoja analetwa hospitali akiwa hajitambui, mwenziwe yuko nje anacheza. Kwa nini? Alikwenda Uingereza kusomea elimu ya kinga, akarudi Kilifi kuifanyia kazi damu iliyohifadhiwa ya watoto wa pale, na kupata shahada yake ya uzamivu.

Mwaka 2008 yeye na wenzake walionyesha jambo ambalo ukilisikia unasema, mbona ni rahisi. Watoto waliokuwa na kingamwili nyingi dhidi ya protini nyingi za kimelea kwa pamoja ndio waliokingwa vizuri zaidi. Aliyekuwa na kingamwili dhidi ya protini moja au mbili hakuwa na salama hiyo. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 2014 walitangaza kazi kubwa zaidi, waliyopima kingamwili dhidi ya protini zaidi ya 30, wakatafuta ni mchanganyiko upi unaoambatana na afya. Mwaka huo huo walionyesha pia kwamba kazi ya sungusungu niliyowaeleza, ya chembe nyeupe kula vimelea vilivyotiwa alama na kingamwili, ni sehemu ya siri ya wale wasiougua. Baadaye wakatengeneza kigae kidogo cha kioo chenye madoa ya protini zaidi ya 100 za kimelea, ili tone moja la damu lijibu maswali 100 kwa mara moja.

Tena wakafanya jambo linalohitaji moyo. Bagamoyo ilitangulia: mwaka 2012 vijana 24 wa Kitanzania walikubali kudungwa vimelea vya malaria vilivyo hai, wakiangaliwa kila siku na madaktari na kutibiwa, ili wataalamu waone kinga inavyofanya kazi tangu siku ya kwanza. Kilifi nao wakafanya hivyo kwa watu wazima 161 waliokulia katika sehemu zenye malaria na zisizo na malaria nyingi. Wengine homa iliwapanda ikabidi watibiwe upesi. Lakini wengi miili yao iliwazuia vimelea, na wako ambao vimelea havikuonekana kabisa katika damu yao. Yule mzee wetu alikuwa miongoni mwao, kwa maana ya mfano.

Daktari Osier alifanya kazi pia Australia, kisha Ujerumani katika mji wa Heidelberg, kisha Uingereza ambako alipewa uprofesa katika Chuo cha Imperial, London. Mwaka 2019 wataalamu wa kinga wa dunia nzima walimfanya rais wa umoja wao wa kimataifa, akashika kiti hicho hadi 2022. Mwafrika wa kwanza kukikalia. Nawatajia vyeo hivyo si ili mvistaajabie. Nawatajia ili mpige hesabu. Tangu aingie Kilifi kama daktari kijana hadi kukalia kiti hicho ni kama miaka 20. Na chanjo anayoitafuta haijapatikana hadi leo. Ndiyo kazi ilivyo.

Msidhani ni malaria peke yake. Dar es Salaam, wataalamu wa Muhimbili walianza mwaka 2007 kujaribu chanjo ya virusi vya UKIMWI kwa watu 60 wa kujitolea, wengi wao kutoka Jeshi la Polisi. Miili yao iliitikia vizuri. Lakini kuitikia si kukingwa, na majaribio mengine yakafuata. Moja kubwa lililofanyika Tanzania, Uganda na Afrika Kusini lilisimamisha chanjo mwaka 2023 kwa kuwa haikuonekana kukinga. Wataalamu walitoka mbele ya watu wakasema wazi: haikufaa. Katika kazi hii, anayeficha kushindwa ndiye mwizi.

Hapo, Ndugu Mwenyekiti, ndipo ninapolazimika kusema habari zangu mwenyewe, ambazo sijapata kuzisema mbele ya watu.

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, tulikuwa tumehifadhi chembe nyeupe za damu za watoto wa vijiji vya jirani. Chembe hizo lazima zikae hai, na ili zikae hai hugandishwa katika mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo hupungua kila siku kwa kuyeyuka hewani. Kila wiki fundi wa zamu hutumbukiza kijiti, akapima kina, akaongeza, akatia sahihi katika daftari. Zamu ilikuwa yangu. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na safari ya kwenda kwenye arusi. Niliandika "imepimwa" nikatia sahihi. Sikupima.

Waliofungua mtungi juma lililofuata waliukuta mkavu. Chembe zote zilikuwa zimekufa. Kazi ya miaka miwili ilikwisha kwa neno moja la uongo la mwandiko wangu.

Mkuu wangu hakunifukuza. Alinipa adhabu ambayo niliiona nzito kuliko kufukuzwa: alinichukua katika gari, tukaenda kijijini, na mimi mwenyewe nikasimama chini ya mwembe kuwaeleza kina mama kwamba damu ya watoto wao imepotea, na aliyeipoteza ni mimi. Walinyamaza kwa muda. Kisha mama mmoja akasema, "Baba, siku ile mwanangu alilia sana. Nilimwambia anyamaze, damu hii itakuja kuwasaidia wenzake. Sasa nikamwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Naye hakulia wala hakunitukana. Aliniangalia tu, akingoja, kama mtu anayemdai mwenziwe fedha na hataki kumwaibisha. Mwaka uliofuata tulipoanza upya kuomba damu, mama yule alimleta mtoto tena. Alipofika mezani kwangu aliniuliza jambo moja: "Safari hii utapima?"

Tangu siku ile sijatia sahihi jambo ambalo sikulifanya. Na ndipo nilipoelewa kazi yenyewe ni nini. Mimi nilidhani tunafanya kazi ya hadubini, ya protini, ya mashine. Kumbe kazi yetu ni kukopa. Kila tone katika maabara ni mkopo tuliopewa na mtu aliyetuamini, na riba yake ni jibu.

Ndugu zangu, angalieni tena mambo yote niliyoyaeleza. Damu iliyofundisha dunia habari ya kingamwili ilitoka Gambia. Watoto waliojaribiwa chanjo walikuwa wa Idete, wa Bagamoyo, wa Korogwe, wa Kilifi. Dunia imejifunza mengi kutokana na miili ya watu wetu. Kwa miaka mingi maswali yaliulizwa na wengine, na majibu yakaandikwa katika vitabu ambavyo mama wa kijijini hawezi kuvisoma. Simlaumu mgeni aliyekuja kuuliza. Bila yeye tusingeanza. Lakini mkopaji akiwa mgeni, akimaliza hurudi kwao. Akiwa mtoto wa hapa, mdai wake atakutana naye kila siku sokoni, kanisani au msikitini. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka watafiti watoke katika shule kama hii. Si ili tujigambe kwamba nasi tunao. Ni ili kuwe na mtu wa kuulizwa, "Safari hii utapima?"

Kwenu wanafunzi, nina maneno matatu.

La kwanza, someni hesabu pamoja na baiolojia na kemia. Wengi hukimbilia baiolojia wakidhani wameziponyoka hesabu. Ile asilimia 31 ya Idete ilikuwa jambo la hesabu. Kujua kama ni kweli au ni bahati ni hesabu tupu.

La pili, msidharau kazi ndogo. Si kila mmoja atakuwa Daktari Osier. Lakini nyuma yake kuna wapimaji, wauguzi, madereva, watunza daftari na wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Mmoja wao akisema uongo, yeye aliye juu hana kitu. Mimi ni shahidi. Kuna cheti cha maabara, kuna stashahada, kuna Muhimbili, na hapa hapa mkoani kuna Sokoine na Ifakara. Milango ni mingi kuliko mnavyodhani, na wasichana msikubali kuambiwa kwamba mlango huu si wenu.

La tatu, kila mnalojifunza kwa Kiingereza, nendeni nyumbani mkamweleze bibi kwa Kiswahili au kwa Kiluguru. Akielewa, mmeelewa. Asipoelewa, mmekariri tu. Mtafiti asiyeweza kumweleza mama wa kijijini anataka damu ya mtoto wake kwa ajili gani hana haki ya kuichukua.

Kwa wahitimu wenzangu nina ombi. Kila tunapokutana tunachanga fedha, na ni vyema. Mwaka huu napendekeza tuwanunulie vijana hawa hadubini mbili nzuri kwa ajili ya maabara yao. Nami nitakuja mwenyewe, kwa nauli yangu, kuwafundisha kuandaa kioo cha damu, kukitia rangi, na kuhesabu vijidudu kwa kila chembe nyeupe 200 bila kuruka hata moja. Siku mtoto wa hapa atakapokiona kimelea kwa jicho lake, kikiwa kama kipete chembamba ndani ya chembe ya damu, hatakisahau. Mimi sikukisahau.

Ndugu Mwenyekiti, wale vijana wa Afrika Kusini walikwisha rudi kwao na nchi yao ikawa huru mwaka 1994. Majengo waliyotuachia yamesimama. Swali ambalo malaria iliwauliza walipofika katika bonde hili nalo bado limesimama, limejibiwa nusu. Sijui kama nusu iliyobaki itajibiwa nikiwa hai. Lakini nikitazama madawati haya naona watu ambao miaka 20 ijayo wanaweza kuwa wamelijibu, na wakarudi vijijini chini ya mwembe kuwaambia kina mama walipe jina jibu hilo kwa lugha yao.